Ukiulizwa Hali, Usiseme Fine

Mtu aliyekimbia vita, akafika nchi ya watu bila hata kandambili, afisa akimuuliza "How are you?", ajibu nini? Nilikuwa darasa la nne pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, swali hilo liliponiingia kichwani. Shule ilikuwa na jibu lake, nyumbani walikuwa na lao, na yote mawili hayakuweza kukaa katika mdomo mmoja.

Shuleni, mwalimu wetu Mmalawi akiingia tu, tulisimama wote, mikono nyuma, tukapiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika: "We are fine, thank you sir, and how are you?" Uwe na malaria, uwe hujala tangu jana, ulikuwa fine. Kuna asubuhi mwenzangu wa dawati alisema fine kisha akatapika, kwa mpangilio huohuo.

Nyumbani neno hilo lilikuwa mwiko. Watu wazima waliotoka Uvira, Fizi na Bukavu, kwetu Kongo, ambao wengi hawakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji, walilijua neno hilo moja jinsi mtu anavyomjua nyoka. Ilisemekana kuna familia ya Fizi iliyoulizwa hali katika ofisi ya wakimbizi, Lilongwe, ikajibu fine, na afisa akafunga dosie, faili lao, palepale: kama muko fine, munatafuta nini huku? Niliuliza mara nyingi jina la familia hiyo. Hakuna aliyelijua, na kila aliyeulizwa alinikasirikia. Mtu akienda kuhojiwa, majirani walimsindikiza hadi barabarani wakimpigia kelele, "Usiseme fine!" kama wengine wanavyosema safari njema.

Enzi zetu hizo, nyie mliokulia pale mtakumbuka, Kiingereza hakikutoka kwenye simu. Kilitoka kwenye magunia ya unga na mikebe ya mafuta. Tuliruka kamba tukiimba "keep in a cool dry place", vumbi jekundu likitufika magotini, na aliyenaswa kwenye "dry" alitoka. "Not for resale" lilikuwa tusi. Ukimwambia msichana hivyo, mlishikana nywele. Mimi nililipenda "nevertheless", nililoliokota kanisani kwa mhubiri mgeni. Maana yake sikuijua, ila lilinikumbusha kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria: maneno matatu yamepakiana na bado linakwenda. Nikitumwa maji nilijibu "nevertheless", na mama akadhani nimekubali. Vijana wa leo wanajua maana ya kila neno na hawafurahii hata moja. Unamwandikia mpwa wako ujumbe wa mistari kumi, anakujibu kwa herufi moja, K. Sisi tungeipata hiyo K tungeichezea wiki nzima.

Basi, mama yangu aliitwa Lilongwe kuhojiwa. Tulipokimbia Uvira tulipotezana na kaka yangu Bahati katika msukumano wa bandarini, naye alikuwa mtoto bado. Baadaye mtu aliyepitia Tanzania alisema amemwona mvulana wa sura hiyo katika kambi moja ya Kigoma. Mama hakuwa na ombi jingine duniani: atafutwe, na akipatikana aletwe. Kwa desturi ya kambi, mtoto anayesoma ndiye mdomo wa mzazi wake ofisini. Mdomo wa mama nikawa mimi, na nilitembea siku hizo kama mtu aliyeteuliwa waziri.

Aliyetuandaa alikuwa mzee mmoja wa Bukavu tuliyemwita Prof. Alikuwa amefundisha Kifaransa huko kwao, na aliamini kwamba Kiingereza ni Kifaransa chenye mafua. Ukijua Kifaransa, alisema, ziba pua kidogo, umemaliza. Kila alasiri alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya mama na kutugawia maneno.

"Akikuuliza how are you, unamuambia: my situation is deplorable."

"De-po-ra-bo," mama akasema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Na uso, Mama Bahati! Weka huzuni kidogo ku uso."

"Prof, huzuni yangu haikae ku uso. Iko huku ndani, nitaitosha inje namna gani?"

Prof aliguna, akanigeukia mimi na kunikabidhi silaha za akiba: lamentable, miserable, catastrophe. Nilizikariri nikipepeta mahindi, nikisonga bugali, ugali wetu, ambao tulianza kuuita nsima mbele ya Wamalawi ili tuonekane wenyeji.

Siku yenyewe tulipanda matola, nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mkaa, hadi Mchesi, mtaa wa Lilongwe, ambako rafiki wa mama alimwazima kitenge kisichopauka. Tulipokuwa tukipita Capital Hill, penye ofisi za serikali, nilisoma kila kibao kwa sauti ili watu wa suti wanisikie. Kimoja kilikataza kukanyaga majani. Nikamuuliza mama kwa nini majani yana serikali ya kuyatetea na sisi tunatembea jua lote hili kuitafuta yetu. "Tunza mate yako," mama akasema. "Yatatusaidia mbele."

Afisa alikuwa mwanamke kijana, Mmalawi, mjamzito wa miezi ya mwisho. Alikuwa amevua viatu chini ya meza na miguu yake ilikuwa imevimba. Aliinua macho akatabasamu.

"How are you?"

Nikamtazama mama, nikisubiri deplorable. Mama alimtazama afisa, akalitazama tumbo, akaitazama ile miguu. Kisha uso wake ukafunguka vilevile ulivyofunguka kwa wateja wake wazuri.

"Fine, madame. And you?"

Nikaruka kutoka kwenye kiti. "No, madam! She is not fine! She is deplorable! She is miserable! My mother is a catastrophe!" Na silaha zilipokwisha nikapiga ile ya mwisho, kwa nguvu zote: "Nevertheless!"

Afisa alicheka hadi akashika tumbo. Akasema, polepole ili nimfuate, kwamba hata yeye leo si fine, miguu inamwua. Nikatafsiri. Mama akasogeza kiti. "Muambie aweke miguu mu maji ya moto na chumvi, na asilale mugongo." Nikatafsiri pia, nikiwa nimenuna, maana sikuona hayo yanamhusu vipi Bahati.

Ndipo maswali yakaanza. Jina, mahali, alivaa nini. Mwishoni mama aliulizwa kama kuna la kuongeza.

"Bahati anaogopa radi," mama akasema. "Mukimupata, na mvua ikinyesha, mumushike mukono."

Nilipekua akiba yote ya Prof, sikupata neno. Ikabidi nitumie yale madogo ya darasa la kwanza. "He fears thunder. Please hold his hand." Afisa aliyaandika kama yalivyo.

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Mama, kwa nini umesema fine?"

"Mutu amekuamukia vizuri, tena iko na mimba namna ile, mi nimujibu na kilio? Tuliacha nyumba Uvira. Adabu hatukuiacha."

Kambi haikukubaliana naye. Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika kisimani. "Pole, Mama Bahati," wanawake walimwambia, kama wanavyompa pole mfiwa. "Lakini ulipatwa na nini?" Prof aliacha kuja kwenye cherehani. Msimu mmoja wa mvua ukapita, ukaja mwingine. Radi ikipiga, mama aliacha kushona na kwenda kusimama mlangoni, mkono mmoja nje kwenye mvua, na mimi nilijifanya sioni.

Kisha siku moja Bahati alishuka kwenye lori la ofisi, mrefu kuliko mlango wetu, akasema "Shikamoo, mama" kwa Kiswahili kisafi cha Tanzania hadi tukadhani anatutania. Mama alilia kwa sauti ambayo Prof angeitaka siku ile ya ofisini. Kambi nayo haikushindwa kueleza: ilisemekana afisa yule alikuwa na matatizo ya kusikia.

Siku hizi watoto wa Dzaleka ukiwasalimia wanapandisha bega na kusema "I'm good", na hawamwogopi mtu. Nawafurahia. Lakini nazitamani zile siku ambazo neno moja dogo lilitufanya tutetemeke pamoja, mtaa mzima, kisha tukaenda kuruka kamba.

Nilipomaliza chuo nilipata kazi ya ukalimani katika ofisi ya namna ileile, Lilongwe. Asubuhi ya kwanza mhojiwa aliingia, akaulizwa hali, nami nikashika kalamu haraka. Mwenzangu mzoefu aliniwekea mkono juu ya karatasi. Kalamu, alisema, hushikwa kuanzia kwenye jina. Salamu haijawahi kuandikwa popote.