Neno Gesti na Kopo la Tate

Juzi nilipita mtaa wa Bigo, mjini kwetu, nikaona kibao kipya: Gesti Hausi. Kijana wa mlangoni akanitajia bei ya usiku mmoja. Nikamwomba apunguze, akapunguza, nikamwomba tena, ingawa nilikuwa nalala kwa dada yangu mtaa wa pili. Ni tabia tu. Lakini neno lile, gesti, lilinifuata njia nzima. Mimi nililijua zamani, lilipokuwa bado bure.

Wakati ule tulikaa Saio, mtaa mwingine wa mji huohuo. Risasi zilikuwa zimenyamaza, lakini hakuna aliyethubutu kuvua viatu mapema jioni. Magari meupe ya walinda amani yakipita, vikombe vilitetemeka mezani. Asubuhi kulikuwa na mlio wa kinu, sombe, majani ya muhogo, inatwangwa, na moshi wa makaa ukituwasha macho. Tate, mama wa baba yangu, aliuza unga wa muhogo soko la Nyakasanza. Hata Mungu alimwomba kama mtu anayejadili bei: anataja kikubwa, kisha anashuka polepole.

Msimu wa mvua akafika mama mmoja mkulima kutoka Djugu, ambako watu walikuwa bado wanapigana. Alikuwa amekimbia na mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Tate akamtandikia mkeka karibu na jiko, pasipo maswali. Jirani yetu hakupenda.

“Mama, weye unafuga adui mu nyumba,” alisema akiwa amesimama katikati ya uwanja wetu. “Akiwa bado hapa siku ya Mungu, nitamuita shefu wa avenyu amutoshe.” Yaani Jumapili aje mkuu wa mtaa kumfukuza.

“Na weye ulizaliwa hapa Saio?” tate akamuuliza. “Siye wote tulishuka na lori toka Butembo. Hata godoro yako ilikuja juu ya magunia ya vitunguu.”

Jirani akaondoka, lakini hakufuta neno lake. Mama wa Djugu alikuwa amesikia yote. Usiku ule hakula. Alifunga sufuria yake ndani ya kitenge.

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa Kiingereza alitufundisha neno gesti. Alipenda kuchimba maneno kama watu wa Mongbwalu wanavyochimba dhahabu. Akasema mgeni kwa Kiingereza na adui kwa Kilatini ni maneno ya ukoo mmoja. Zamani sana mzizi wao ulimaanisha mtu asiyetoka kwetu, basi, mengine yalitegemea atakavyopokewa. Nilikimbia kumpelekea tate habari hiyo, nikidhani nimeleta kitu kikubwa.

Tate hakuacha kuchekecha unga. “Bazungu banachelewa,” alisema. “Mugeni ni mutu wenye haujamupatia kazi bado.”

Sasa, uelewe jambo moja la soko letu. Kopo la kupimia halishikwi na mtu mwingine. Muuzaji anazungusha mkono wake kwenye mdomo wa kopo, unga unapanda kilima, na faida yote inakaa pale, kati ya kilima na mkono: mkono ukibana, mnunuzi anapata kidogo. Tate hakumpa kopo lake hata mama yangu, mkwe wake wa ndoa ya kanisa.

Jumamosi, siku ya posho, akampa mama wa Djugu kopo hilo. Mbele ya watu wote.

Mimi nikaanza kuhesabu hasara kimyakimya, nikarudia hesabu. Mama yule alipima kama mkulima, mkono umeenea, kilima kinamwagika. Wanawake wakajipanga. Katikati ya mstari nikamwona jirani yetu, kikapu kichwani, anatazama chini.

“Ongeza kidogo, mama,” alisema alipofika.

“Karibu, dada,” mama wa Djugu akajibu, akaongeza.

Siku ya Mungu shefu hakuja, kwa kuwa hakuna aliyemwita. Mama yule alikaa nasi hadi barabara ya kwao ilipofunguka, na aliyembebea mtoto mpaka kwenye lori ni jirani yetu.

Tate alishatutoka. Nyua zetu zisizo na lango zimekwisha. Leo Saio ina kuta zenye vipande vya chupa juu. Watu wa Djugu wangali wanakimbia, lakini wanaitwa wadeplase, waliohamishwa na vita, na wanakaa kwenye mahema. Yule wa Djugu alifika kwetu mgeni, akaondoka dada. Katika habari hii usijadiliane nami, rafiki yangu: hapo sipunguzi.