Koti la Hilari Lapewa Sifa

Sisi Wanyamwezi tulibeba pembe za ndovu za watu kutoka huku bara hadi Bagamoyo bila kamera hata moja, na mzigo ukafika. Sasa msikieni Hilari, mtunza ghala la karanga pale Gongoni.

Hilari alikuwa mtu wa kujituma. Karanga zilizoanikwa uani alizigeuza bila kuambiwa. Turubai likichanika, alilishona mwenyewe. Kisha tajiri yake Mwinshehe, Mzaramo akaaye Dar, akafunga kamera getini ili amchungulie kwa simu. Amri ikaja: Hilari akae kitini pale getini, aonekane. Siku aliyoinuka kwenda kufukuza kuku uani, akapewa onyo. Akirudia, kazi hana.

Basi akatulia kama picha ya kitambulisho. Kuku wakarudi, wakadonoa hadi wakavimbiwa.

"Kaka Hilari, huoni?" akauliza Levina, mfungaji wa magunia.

"Kamera inaona."

"Kwani kamera ina mikono?"

"Kaiulize."

Levina akacheka peke yake. Jioni Hilari alirudi kwake Ntalikwa mwili haujachoka, moyo hoi.

Siku moja Levina katoka, wingu likatanda upande wa Kitete. Karanga zote ziko uani. Zikilowa, zitaota ukungu. Akiinuka, kibarua kimeota nyasi. Hilari akalitazama wingu, akaitazama kamera. Akamwomba Mungu tajiri awe mezani anakula. Akavua koti, akakivisha kiti, kofia akaitundika juu, huyo mbio uani na turubai.

Mvua ikashuka. Simu ikalia, Mwinshehe huyo.

"Leo umetulia, mtani! Hujatikisika hata kidogo. Ungekuwa hivi siku zote!"

Hilari, maji yakimchuruzika, angeweza kuitikia tu, yakaisha. Ulimi ukamwasha.

"Huyo uliyemsifu ni koti, mtani. Mwenye koti yuko huku nyuma, anafunika karanga zako."

Hapo tajiri angeweza kumfukuza. Lakini Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikuchoma ukakasirika, umeshindwa. Mwinshehe akaguna, kisha kicheko kikampasuka.

"Mnyamwezi wewe! Hata zile pembe sijui kama mlizifikisha zote."

"Zilifika. Nyie ndio mliozipokea mmekaa, kama koti langu."

"Haya, koti libaki kitini. Wewe fanya kazi."

Liko pale hadi leo. Hilari akipita kwenda kugeuza karanga zake, huliinamia kidogo: "Shikamoo, mfanyakazi bora."