Kitanda Hakirudi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni muuguzi wa uzazi wa mpango, na kwa ubishi hajapata mpinzani. Tunataniana mpaka majirani wanadhani tunagombana. Wakati mwingine kweli tunagombana.

Kila miezi mitatu nilikwenda kwake kituo cha afya kuchomwa sindano, na kila mara alinijazia kikaratasi cha kupimwa saratani ya shingo ya kizazi. "Hapo ng'ambo ya ua tu, wifi. Dakika kumi." Nami ndiyo, ndiyo, kisha huyo, getini! Chumba chenyewe kilitazamana na mabenchi ya wagonjwa wote, na mlangoni herufi kubwa nyekundu: SARATANI. Nani avuke ua ule mbele ya muuza nyama na mwalimu wa watoto? Wenzangu wa foleni nao walitoroka vilevile.

Jumapili moja alikuja kula kwangu. Meza yangu ina mguu mmoja mfupi. Akaona haiyumbi, akainama, akachomoa vikaratasi vitatu vilivyokunjwa, vyote mwandiko wake.

Nilingoja matusi. Akavikunjua kimoja kimoja mezani, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kwa nini hukwenda?"

Nikamweleza: ule mlango, yale macho.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Kesho saa mbili uje. Usipokuja nitakufuata na sare yangu."

Asubuhi nikamkuta yeye na mfagiaji wanavusha kitanda cha kupimia, magurudumu yanalia ua mzima. Wakakiingiza chumba cha sindano, nyuma ya pazia. Mkubwa wa kituo akaja mbio.

"Nani kakupa ruhusa? Kirudi kabla ya saa sita!"

"Hakirudi. Kule wanawake hawafiki, mkubwa. Mwaka mzima naandika vikaratasi, kumbe vinashikilia meza za watu!"

"Nitakupa barua ya onyo!"

"Iandike vizuri, nitaibandika ukutani." Akavaa glavu, akanigeukia. "Wewe, panda."

Foleni nzima ikanikodolea macho. Niliona haya mpaka masikioni, halafu haya ikageuka hasira. Kitanda kingekuwa hapa tangu mwanzo, si ningekuwa nimepimwa zamani? Nikampita mkubwa bila kumwamkia, nikapanda.

Akanipaka siki kule ndani, ile inayofanya penye ugonjwa pageuke peupe, akasubiri kidogo, akachungulia na taa. Utani ukamwisha.

"Wifi, kuna doa jeupe. Bado si saratani, ila tukiliacha linaweza kuwa. Tunalitibu leo hii."

Nililia, sikufichi. Yeye pia, ila atakataa.

Nilipotoka nikawaambia wenzangu kila kitu, kwa sauti, mkubwa akisikia. Wanawake kumi na mmoja walipanda siku ile. Saa sita ikapita.

Barua ya onyo ilikuja kweli, na imebandikwa ukutani, juu ya kitanda kilekile. Mwaka uliofuata nikapimwa tena, nikakutwa safi.

Meza yangu sasa inayumba, chai inamwagika kila siku. Mume wangu alileta kipande cha mbao cha kuweka chini ya ule mguu. Nimekitupa; acha iyumbe, inikumbushe.