Shujaa Asiyeamkia

Mdogo wetu wa kike anatunga hadithi za majoka na falme, na kila asubuhi anazituma kwenye grupu la familia. Mie nilikuwa sizisomi, mpaka akaingia yule shujaa.

Alikuwa hodari wa vita, ila kiburi kimemjaa. Akipishana na kaka yake mkubwa anajifanya anakagua upanga, ili tu asimwamkie. Nikashtuka. Tangu nigombane na kaka kwenye arusi ya huyu huyu mdogo wetu, nikimwona naangalia simu. Mwaka wa pili sasa sijampa shikamoo.

Nikaanza kusoma kwa kuvizia. Shujaa ana kovu kidevuni. Na mie ninalo. Akishapita bila salamu, kaka yake anajifungia hemani analia. Hapo nikaona binti anatia chumvi. Kaka yetu, anayebeba mapaja ya ng'ombe begani pale machinjioni Vingunguti, alie?

Juzi shujaa akachomeka upanga mchangani, akaenda kumpigia kaka yake magoti. Nikasema hapana, huku sasa ni kunifundisha adabu mbele ya ukoo mzima! Nikaenda kwa mdogo wetu Kinyerezi nimefura, nimwambie anitoe humo.

Mlangoni nikakuta viatu vya kaka. Ndani alikuwa anamfokea mdogo wetu, sauti inatetemeka: "Wifi yako ndiye kakwambia nalia, sivyo? Ndiyo ukaamua kuniandika?"

Nikavua viatu, nikaviweka kando ya vyake.

"Shikamoo, kaka."