Dirisha la Chini

Ninauza mbegu na mbolea Kitale, na kazi hiyo imeniharibu. Nimewahi kufungua pakiti zenye muhuri na picha ya hindi nono, nikakuta ndani mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi. Tangu hapo siamini kitu mpaka nikipasue. Watu wa kwetu husema hata malaika akija nitamwomba kitambulisho.

Mwaka jana nilihitaji gari, na si gari lolote. Mama yangu, anayeishi Mabanga, alikuwa amepatwa na kiharusi miaka miwili kabla ya hapo, kikamwacha kwenye kiti cha magurudumu. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini, wanaume wanne wa kanisa walimtoa kwenye gari la jirani wakiwa wamemshika mikono na miguu kama gunia. Nguo ikapanda hadi mapajani. Wanaume hao aliwafundisha kusoma yeye mwenyewe. Hakulia. Alisema hatatoka tena nyumbani mpaka siku atakayoingia kanisani kwa magurudumu yake, na kwa miaka miwili hakutoka. Nilitaka atoke. Sikuwa na haja nyingine.

Ndipo niliposikia habari za van moja Kitale, nyuma ya msikiti, iliyobadilishwa ili kubeba mtu akiwa kitini mwake. Mwenyewe alikuwa mzee muuza vitambaa, mpole, kanzu imepigwa pasi. Mtu mpole ndiye ninayemwogopa zaidi.

"Kwa nini unauza, mzee?"

"Haina kazi tena, mama."

Jibu fupi namna hiyo lina mkia, nikajiambia.

Fundi nilimtoa Tongaren makusudi, kwa sababu mafundi wa mjini na madalali wa magari ni chanda na pete. Alilala chini ya van hiyo asubuhi nzima, akagongagonga mabati, akanusa mafuta. Huko nyuma sakafuni palikuwa na reli mbili za chuma za kuongoza kiti, na bamba linalokunjuliwa mpaka chini. Vyote vilikuwa imara.

"Injini iko sawa," akaninong'oneza. "Rakini hii dirisha, madam, mimi sielewi."

Upande wa kushoto, chini ya dirisha la kawaida, mtu alikuwa ametoboa jingine dogo, ukubwa wa sinia. Mpira wake ulikuwa umewekwa kwa uangalifu mkubwa.

"Hii imebeba vitu za magendo kutoka mpaka ya Lwakhakha, bana. Polisi wakisimama upande ile ingine, mzigo inatokea hapa."

Nikamgeukia mzee. "Hii dirisha ni ya nini?"

"Ya kuangalia nje."

"Nani anaangalia nje akiwa amepiga magoti?"

Alifuta vumbi kwenye kioo hicho kwa mkono wa kanzu. Nikajua nimemkamata. Nikashusha bei kwa sababu ya dirisha hilo, nikashusha tena, naye akakubali upesi mno, jambo lililonitia wasiwasi upya. Nililipa, na nilipomrudisha fundi Tongaren kwa van hiyo nilisikiliza kila mlio njia nzima.

Van nikaificha mbali na Mabanga, kwa mtu asiyemjua mama, nikatafuta mpangaji wa sherehe. Nilitaka ibada ya shukrani, kisha chakula nyumbani. Nilimpata msichana mmoja wa Bungoma mjini, mchangamfu, mwenye picha nyingi kwenye simu. Nilipozikagua niligundua kuwa nyingi zilikuwa za matanga. Kisha akaanza kuniuliza: mama anapenda rangi gani, nyimbo zipi, picha yake ya zamani ipo? Picha nilimpa baada ya yeye kutia sahihi.

Mama sikumwambia lolote. Yeye na jirani zake hawana siri, na mgeni mbaya akisikia kuna sherehe hutangulia kuja kuchungulia. Mpangaji alipokuja kupima uwanja nilimwagiza ajitambulishe kuwa ametoka ofisi ya ardhi. Wiki mbili nilizokaa nyumbani nikiandaa mambo, vikombe vya chai nilivyompelekea mama vilirudi jikoni vimejaa. Nilimfokea muuza maziwa, nikamwambia anatia maji.

Jumapili ikafika. Mahema meupe yalikuwa yamesimama, picha ya mama imekuzwa na kuzungushiwa maua pale langoni. Van ilikuwa imerudishwa kinyumenyume mpaka barazani, imefungwa utepe wa zambarau, mlango wa nyuma wazi. Nikamsukuma mama nje. Aliangalia picha, akaangalia mahema, mwisho akaziangalia zile reli mbili. Kwetu, gari lenye reli mbili sakafuni linajulikana hubeba nini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mayi."

"Basi mbona mnanizika? Si huyu wa ardhi alipima hapa na futi, nikaona? Chai yako niliwacha kunywa siku hiyo hiyo."

Mama yangu alikuwa amekaa wiki mbili akiamini kwamba nataka kumuua, na bado kila jioni alikuwa akinitakia usiku mwema.

Nilieleza, nikaapa, mpangaji naye akaapa. Mama hakutingishika. Akaomba ahamishiwe kiti cha plastiki.

"Wewe kaa kwa hii yangu," akaniambia. "Ingia. Uende mpaka kwa lami urudi. Ukirudi mzima tutaongea."

Mpangaji akanisukuma juu ya bamba, akanifunga mikanda, akashika usukani. Nilikuwa nimepima kila kitu kwenye gari lile isipokuwa mahali atakapokaa mama. Dirisha la kawaida lilikuwa juu mno. Kutoka kitini niliona nyaya za stima na mawingu tu, nikajihisi mzigo. Kisha nikageuza shingo.

Dirisha dogo lilikuwa mbele ya macho yangu hasa. Nikaona mahindi, wanawake waliovalia kwenda kanisani, mbuzi aliyefungwa kwa kamba, yote kwa urefu wangu. Kuna mtu aliyepima macho ya mwenzake aliyeketi kabla ya kukata bati. Ya kuangalia nje, mzee alisema, nami nikamcheka. Haina kazi tena. Nililia kwa aibu, mpaka mpangaji akapunguza mwendo.

"Uko sawa, madam?"

Nilirudi mzima, na mama akaingia. Njia yote ya kanisani hakuondoa macho kwenye kile kioo.

"Nani alitoboa hii dirisha?"

"Yule mzee aliyeniuzia. Nafikiri alikuwa na mtu wake."

"Ulimwambia asante?"

"Nilimshushia bei, mayi. Kwa sababu ya hilo dirisha."

Mnara wa kanisa ukatokea kwenye kile kioo.

"Kesho unipeleke Kitale," akasema, akiendelea kuangalia nje.