Mbegu za Mipodo Juu ya Moto

Aibu yangu kijiji kizima mnaijua, kwa hiyo siifichi. Ni mwaka ule tuliokula magimbi asubuhi na magimbi jioni, kwa sababu mahindi yote ya hapa Ibaba yalipanda malori kwenda kuuzwa Tunduma, tukabaki tunamenya magimbi na kujikuna mikono. Mwenye mbegu ya mahindi nilibaki mimi peke yangu, ipo darini juu ya moto, imekolea moshi, dumuzi haisogelei. Waliokuja kuomba waliinama, na mimi (niseme ukweli) nilipenda wakiinama.

Basi bibi misitu wa serikali akaja, msichana mdogo tu lakini cheo ndicho hicho, akasema kwenye msitu wa kijiji imebaki mipodo mitano mikubwa, ile miti ya mbao, tuokote mbegu chini ya yote mitano, tusichukue kwa mmoja tu. "Watoto wa mama mmoja wakioana ukoo unaoza, na miti ni vivyo hivyo." Hilo nililielewa. Tulipokwisha kuokota akauliza nani azitunze mpaka kitalu kiwe tayari, watu wote wakanigeukia mimi.

"Bibi," yule msichana akaniambia, "zikae kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Zisikauke."

Nikaitikia. Nilipofika nyumbani nikajisemea, huyu mtoto anifundishe mbegu mimi? Mbegu kwenye maji si inaoza? Nikamwaga mchanga alionipa, nikapandisha kapu la mbegu darini, nikachochea moto.

Akipita kuuliza, "Bibi, mchanga bado una unyevu?" namjibu, "Unyevu kabisa, mwanangu." Angalia mdomo wangu ulivyo.

Kabla kitalu hakijaisha, wapasua mbao wakaingia msituni wakaangusha mipodo yote mitano. Watu wakalia. Mimi nikasimama mkutanoni na kanga yangu mpya nikasema, "Mnalia nini? Msitu wenu uko nyumbani kwangu!" Wakanipigia vigelegele. Vigelegele vile bado navisikia.

Siku ya kupanda nikaja na kapu kichwani, mbegu zinagongana kama kokoto. Bibi misitu akachungulia.

"Mchanga uko wapi, Bibi?"

"Wa nini? Nimezikausha vizuri."

Akachukua jiwe akapasua moja, ndani kahawia, imesinyaa kama mdudu aliyekufa. Akapasua ya pili. Akaendelea mpaka miguuni pake pakajaa maganda, halafu akaketi pale pale chini kwenye udongo wa kitalu akalia kama mtu aliyefiwa. Jirani yangu Mama Atupele ndiye aliyefungua mdomo: "Bibi, umetuchomea msitu bila kiberiti."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Tulizipanda hata hivyo. Nilimwagilia mimi, kila asubuhi, mpaka misimu miwili ya mvua ikapita. Halikutoka hata jani.

Juzi mwenyekiti wa kijiji kaja na bibi misitu, wamepata mpodo mmoja upande wa Ikinga, na mbegu kidogo ndani ya kopo la mchanga. Mwenyekiti akasema, "Bibi, hakuna anayejua kutunza kama wewe, na sasa umeshajifunza." Nililitazama lile kopo.

Nikawaambia: "Mkono huu haushiki tena mbegu ya msitu."

Yule msichana akapiga goti, akanisogezea kopo. "Bibi, nakuomba."

"Mkono huu haushiki tena mbegu ya msitu."