Kidole cha Baba na Kompyuta ya Profesa

Kaka yangu tunamwita Profesa, na chuo hajakanyaga. Ni fundi kompyuta, mbishi ajabu. Ukimwonyesha kosa lake moja, atakuonyesha kumi ya kwako.

Baba yetu, fundi saa wa miaka arobaini, alipigwa na kiharusi. Sauti ikapotea, mkono wa kulia ukafa, lakini kichwa kikabaki kizima. Daktari akatuambia hana wiki nyingi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: nimsikie baba kabla hajaondoka.

"Ataongea," Profesa akasema. "Atabonyeza herufi kwa kidole, kompyuta imsemee."

Kompyuta yenyewe mkweche, mifumo ya siku hizi inaukataa. Basi akaamua kuujengea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, mwenyewe tangu mwanzo: unaipa mashine maandishi ya programu, inayageuza kuwa kitu cha kufanya kazi, kipande baada ya kipande. Kimoja kikikwama, vyote vinavyofuata vimekwama.

Akaweka meza miguuni pa kitanda cha baba. Siku ya tatu kipande cha sauti kikagoma. Akarekebisha, akazima, akawasha, akaanza upya. Kosa lile lile! Siku ya nne, ya tano, ya sita, lile lile.

"Na huu mstari wa njano?" nikamuuliza, nikiuonyesha kwenye skrini.

"Hilo ni onyo tu, mdogo wangu, siyo kosa. Maonyo hatuyasomi. Kapike huko."

Loo, nilitamani kumzaba kibao.

Baba naye, tangu siku ile ya tatu, kila siku anainua kidole cha kushoto, anaonyesha kona ya skrini, halafu saa ya ukutani. Skrini, saa. Skrini, saa. Nikadhani anaulizia dawa, nikampa na maji. Siku ya kumi Profesa akadhani anaharakishwa, akamfokea, "Baba, nimekuelewa! Niache nifanye kazi!" Baba akashusha mkono, na hakuuinua tena.

Alifariki siku ya kumi na moja, asubuhi, mashine ikiwa bado inanguruma.

Tulipotoka kuzika, Profesa alirudi mezani na safari hii akausoma ule mstari wa njano. Ulisema saa ya mashine haiko sawa. Pale kwenye kona ya skrini, tarehe ilikuwa ya miaka kumi na tano iliyopita. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila akiwasha, saa inarudi nyuma. Kila alichorekebisha mashine ilikiona cha zamani kuliko ilichokwisha kujenga, ikakiruka.

Akafungua droo ya kazi ya baba. Betri za aina ile zilikuwamo saba, mpya, kwenye karatasi zake.

Akaweka moja. Kufika alasiri kompyuta ikawa inaongea. Profesa akaandika "Baba, nisamehe," ikatamka vizuri kabisa, akalia kama mtoto. Nilitaka kumtukana, nikashindwa. Baba alituonyesha ugonjwa wa saa kwa kidole, siku nane mfululizo, na mimi nilimpa maji.